Visi Niliyoigeuza Luberizi

Siku ya kuniaga, ninyi mafundi wa garaji mulinikalisha kwenye kiti cha patron, kiti cha bosi, mukanipa soda, mukaniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Hasa lile jambo kila mutu anakuja kuuliza garajini: namna gani ya kuongezea nguvu kamioneti, lori dogo lenye moteri ndogo ya mazutu, ile dizeli, bila kununua moteri ingine. Nikakubali. Halafu mumoja wenu akasimama akasema, "Papa Murhula ametufundisha dawa ya magonjwa yote, inabaki tu dawa ya mazutu ya Deo." Mukacheka sana. Na mimi nikacheka. Lakini wiki nzima karatasi ilibaki mezani nyeupe.

Munalitumia neno hilo, mazutu ya Deo, kila moteri inapokufa na hamujui sababu. Vijana walioingia mwaka huu wanafikiri ni aina ya mazutu inayouzwa mahali fulani. Deo ni mutu. Alikuwa dereva. Neno hilo nililianzisha mimi, na ni uongo. Basi nitaandika yote mawili, ya nguvu ya moteri na ya Deo, kwa sababu ni hadithi moja tu.

Niliingia kwa Muzee Sefu nikiwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha mekanika mukononi, najua kila kitu. Muzee Sefu alikuwa Mwislamu wa Uvira, wa zile jamaa za wafanyabiashara ambazo babu zao walitoka upande wa bahari, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi Bashi wa milimani tuliona haya kufungua midomo mbele yake. Garaji yake ilikuwa Kadutu, hapa Bukavu. Chumba cha mbele kilikuwa cha magari, cha nyuma kilikuwa cha pompi. Pompi ndiyo inayopima mazutu na kuisukuma kwa kila pistoni kwa zamu yake. Ikipima kidogo, gari halipandi mulima. Ikipima kupita kiasi, moteri inajichoma yenyewe.

Wiki ya kwanza sikugusa pompi hata moja. Nilifua vitambaa vyeupe, kwa sabuni, mara tatu, na nilivianika ndani ili visishike vumbi la barabara. Siku ya tatu nikamuuliza kama alinichukua kama fundi ao kama dobi.

"Bado sijaamua," akasema. "Endelea kufua."

Nilikuwa na woga tangu mwanzo, na woga huo haukuniacha. Nikimaliza kukaza nati, niliikaza tena. Gari likitoka mulangoni, nilisimama barabarani kulisikiliza mpaka linapotea kwenye kona, na hata hapo nilibaki nimesimama. Wateja walisema Murhula ni mutu wa uangalifu. Muzee Sefu peke yake ndiye aliyejua ni woga, na alisema ni sawa, mradi niwe naogopa kitu kinachofaa.

Kwenye pompi kuna visi moja ndogo, skrubu ya nyuma, inayoamua mazutu ya mwisho kabisa ambayo pompi itatoa dereva akikanyaga mpaka chini. Mafundi wengi wa muji huu wanaigeuza hiyo kwanza. Gari linatoa moshi mweusi, dereva anafurahi, anasema sasa iko na nguvu. Nimeshaona mutu anakataa kulipokea gari lake kwa sababu halitoi moshi. Muzee Sefu alikuwa anaifunga visi hiyo kwa waya mwembamba na kipande cha risasi, ile metali laini, anakibana kwa koleo lenye alama yake. Na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine: aliyekata risasi hiyo na kugeuza visi lazima apande na gari kwenye mulima wake wa kwanza likiwa na muzigo. Hakai kabini. Anakaa nyuma, juu ya muzigo, anatazama moshi. Ukiwa mweusi anapiga bati la kabini mara mbili, dereva anatafuta mahali pa kusimama, visi inarudishwa. Dereva kazi yake ni njia. Kazi ya moteri siku hiyo ni ya yule wa nyuma.

Sasa ile muliyoiomba. Nguvu nyingi munazotafuta ziko tayari ndani ya gari, zimepotea njiani tu. Anzeni na hewa. Filtiri ya hewa ya gari linalofanya njia ya vumbi ni ukuta; ifungueni, muone. Halafu bomba la moshi, maana nimeshakuta bomba limejaa masizi kiasi kwamba kidole hakipiti, na mwenye gari analia kwamba pistoni zimechoka. Halafu linyanyueni kila gurudumu mulizungushe kwa mukono. Freni inayobana gurudumu inakula nguvu kuliko kilima, na hakuna anayeiangalia kwa kuwa kila mutu anataka kufungua moteri, kufungua moteri kunaonekana kama kazi kubwa. Kisha rekebisheni nafasi za valvu. Kisha pimeni injekta, zile pua za kunyunyizia mazutu, moja moja kwenye mashine ya mukono: mazutu itoke kama ukungu, ikitoka kama mukojo wa ng'ombe hiyo injekta imekwisha. Kisha saa ya pompi, wakati wake wa kusukuma mazutu, isiwahi wala isichelewe. Ukifanya hayo yote kwa moyo, kamioneti iliyokuwa inakwama itapanda. Visi ni ya mwisho, na mara nyingi hutaifikia.

Na kuna jambo moja ambalo Muzee Sefu alilirudia mpaka tulichoka kulisikia. Visi haigeuzwi chini, bondeni. "Geuzeni hapa juu," alisema. "Huko chini hewa ni nzito, itawadanganya."

Maman Nsimire alikuwa mufanyabiashara wa muchele. Mume wake alikufa mapema, akamwachia kamioneti moja kuukuu ya moteri ndogo, na Deo akawa dereva wake. Deo alikuwa mupole, mwembamba, mutu wa Bunyakiri, wa kuongea na gari kama vile mutu anavyoongea na ng'ombe wake. Walikuwa wanashuka Luberizi, kule bondeni, kuchukua muchele, wanapanda nao Bukavu kupitia mulima wa Ngomo. Waliopita Ngomo wanaijua: upande mumoja ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu.

Gari halikuwa linaweza. Kwenye kila kona kali lilipunguza mwendo kama linataka kulala. Kwa hiyo Maman Nsimire alikuwa anapanda Ngomo yote kwa miguu, nyuma ya gari lake, amebeba kigogo cha kuzuia gurudumu. Gari likisimama, anakitupa nyuma ya gurudumu. Likitoka, anakiokota na kulifuata. Alifanya hivyo jua na mvua, mara mbili kwa wiki, mwanamuke wa miaka hamsini na kitu.

"Papa Murhula," aliniambia siku aliyolileta garajini, "mi sitake gari ya kupita hata baiskeli. Niko nataka tu siku moja nipande ile mulima nikiwa nimekaa."

Nilifanya yote niliyowaandikia hapo juu. Bomba lilikuwa limejaa, freni mbili zilikuwa zinabana, injekta moja ilikuwa inakojoa. Gari likapona nusu. Kona za kwanza lilipanda vizuri, za juu bado lilikuwa linakwama, na maman akaendelea kutembea na kigogo chake, ila kipande kifupi zaidi. Alinishukuru. Mimi shukrani hiyo ilinikera.

Majira ya mavuno alinipigia simu kutoka Luberizi, pompi ilikuwa inavuja. Nikashuka. Kubadilisha mpira uliochakaa haikuwa kazi. Lakini kwa kuwa pompi ilikuwa mukononi mwangu, na risasi ya Muzee Sefu iko mbele ya macho yangu, nikaikata. Nilijiambia nageuza robo tu. Nikageuza robo. Nikawasha moteri, nikamwambia Deo akanyage mpaka chini, nikatazama bomba: moshi mwembamba, karibu hakuna kitu. Nikageuza robo ingine. Bado moshi ulikuwa safi. Pale bondeni hewa nzito inaunguza mazutu yote unayoipa, tofauti na hewa nyepesi ya milimani, na kile Muzee Sefu alichokisema mara mia kilinipita kichwani nikakiacha kipite. Mazutu ilikuwa imebaki kidogo, Deo akanunua bidoni moja, dumu la plastiki, kwa muuzaji wa barabarani. Niliichuja mwenyewe kwa kitambaa cheupe. Ilikuwa safi. Nawaomba mukumbuke hilo.

"Maman," nikasema, "leo utakaa kabini."

Alitazama kigogo chake, akanitazama, akakitupa nyuma juu ya magunia, akapanda mbele. Mimi nikapanda nyuma kufuatana na desturi, nikakalia kigogo, mugongo kwenye kabini, uso kwenye moshi.

Kona ya kwanza ya Ngomo gari lilipanda bila kushusha vitesi, yaani gia. Kabini haikuwa na kioo cha nyuma, kwa hiyo niliwasikia. Maman Nsimire alikuwa anacheka. Alimwambia Deo, "Angalia miguu yangu, haijue ifanye nini." Kona ya pili moshi ulikuwa kijivu, kisha ukawa mweusi. Nikajiambia ni vumbi. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi na tano katika kazi na nikajiambia ni vumbi. Kona ya tatu ulikuwa mweusi mpaka majani ya kando ya njia yalishika masizi, na sauti ya moteri ilikuwa imekauka, inagonga ndani kama mutu anayegonga meza kwa kidole. Nilinyanyua mukono nipige bati. Naweza kuapa niliunyanyua. Lakini kupiga bati kulikuwa kusema mbele ya yule mama anayecheka kwamba nimekosea, kwamba ashuke achukue kigogo chake. Nikasema tufike kwanza kona ya nne, pale juu kuna mahali pa tambarare. Mukono ukarudi kwenye goti.

Kwenye kona ya nne Deo alitoa vitesi ya pili atie ya kwanza. Katikati hapo, gari halina vitesi yoyote, moteri ikafa. Freni ya mukono ilikuwa ya kuchora tu, haishiki. Freni ya mguu bila moteri inakuwa ngumu kama jiwe. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, upande wa kule ambako hakuna kitu.

Maman Nsimire aliruka. Hakufikiri, miaka yote miguu yake ilijua pa kwenda ikisikia kimya kile. Alifika nyuma ya gurudumu mikono mitupu. Mimi nilikitoa kigogo chini ya makalio yangu nikamurushia, akakisukuma kwa mguu, na gurudumu likapanda juu ya kigogo na juu ya mguu wake pamoja. Gari likasimama. Alipoteza vidole vitatu vya mguu wa kuume. Sauti aliyoitoa sitaiandika.

Siku kadhaa baadaye moteri ilikuwa mezani kwetu Kadutu. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu, ukingo umeyeyuka. Maman Nsimire alikuja na magongo, Deo nyuma yake ameshika kofia mukononi.

"Papa Murhula, ni nini iliua moteri yangu?"

Muzee Sefu alikuwa ameinama kwenye pompi, anatazama visi isiyo na risasi. Hakugeuka. Nilikuwa na nafasi, tena nafasi kubwa, kila mutu alikuwa ananingoja. Nikasema, "Ni mazutu, maman. Ile ya bidoni."

Deo alinitazama. Nilingoja aseme kwamba nilikuwepo, kwamba niliichuja kwa mukono wangu. Aliangalia mguu wa maman uliofungwa bandeji, akaangalia chini. Wiki ile akafukuzwa.

Walipoondoka, Muzee Sefu akanawa mikono, akasema kwa upole, "Mazutu chafu huziba, Murhula. Haitoboi." Akairudisha visi mahali pake yeye mwenyewe, akafunga waya mupya, akabana risasi. Hakunifukuza na hakulitaja tena. Nafikiri alikuwa ananipa siku za kusema ukweli mwenyewe. Nilizichukua zote, mpaka siku tulipomuzika Uvira, nikiwa nimesimama mustari wa nyuma na vumbi la kaburi mukononi.

Mengine munayajua. Nilizeeka pale, nikapewa ninyi niwafundishe, na kila mara mutu alipouliza habari ya ile pistoni yenye tundu iliyobaki kwenye rafu, nilisema "mazutu ya Deo", kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea, mwishowe kama kichekesho. Ndivyo lilivyowafikia.

Baada ya sherehe yenu nikaenda Nyantende, kwa Maman Nsimire. Sasa ni muzee, amekaa mbele ya nyumba anachambua maharagi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuniambia nikae. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu ni wangu, nitajua namna ya kukusamehe," akasema. "Lakini Deo nilimufukuza mimi. Weye ulinipatia maneno, mimi ndo nilifunga mulango. Umeshaenda kwake?"

"Bado, maman."

"Basi uko unafanya nini hapa?"

Njia ya Bunyakiri niliifanya nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili kama mutu ambaye hajawahi kupanda gari. Kila kilima nilikuwa natazama moshi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, nikayapanga upya, na kila tulipokaribia yalikuwa yanapungua. Niliogopa atanipiga. Niliogopa zaidi kwamba hatanikumbuka.

Nilimukuta kwenye mashine ya kusaga mihogo, ni ya kwake. Wanawake kama kumi walikuwa wamepanga mabeseni yao kwenye foleni. Hajawahi tena kushika usukani. Walioniongoza njia waliniambia hata kituo cha afya kilimuomba aendeshe gari lao, akakataa. Alikuwa anajaza mazutu. Aliichuja kwenye kitambaa, akaichuja tena kwenye kingine, akaichuja mara ya tatu, halafu akaitia kwenye chupa akaiinua kwenye jua na kuitazama muda murefu kabla ya kuimimina. Nikiwa nimesimama pale, nikaelewa. Miaka yote nilidhani ananichukia. Kumbe alikuwa ameniamini.

"Papa Murhula," akasema aliponiona, akajifuta mikono. "Karibu. Maman Nsimire iko muzima?"

"Iko muzima. Deo, haikuwa mazutu."

Mashine ilikuwa inanguruma, akaweka mukono sikioni. Nikasogea. Nikamwambia visi, robo mbili, Luberizi, moshi kuanzia kona ya pili, mukono wangu uliorudi kwenye goti. Nilisema haraka, bila yale maneno niliyoyapanga. Alikuwa ananitazama mudomo, kama kiziwi.

"Nilisikia ile moteri inabadilika sauti," akasema. "Kwa kona ya tatu, nilisikia. Nikasema niache kukanyaga mafuta. Halafu nikasema hapana, fundi iko nyuma, kama iko bibaya atapiga bati."

Akakunja kile kitambaa cha kuchujia.

"Mi nilijua ni miye nilikata mama ya watu mguu," akasema. "Muke yangu anajua vile. Batoto yangu banajua vile. Ba mama hawa bote banajua vile."

Alikwenda kwenye moteri akavuta kifungo cha kuizima. Kimya kikashuka ghafla, wanawake wakainua vichwa kutoka kwenye mabeseni yao. Mumoja akauliza kama mazutu imeisha. Deo alirudi akasimama kando yangu, siyo mbele yangu, kando, akiwatazama wao.

"Sema tena," akasema. "Polepole, basikie."

Nikavua kofia, nikaanza na jina langu.